Aliyemfuta Jasho Mwimbaji

Juzi kwenye bomba la maji nilimkuta mwanamke akipampu, mtoto mgongoni, akiimba taratibu wimbo ambao sikuwa nimeusikia tangu tulipoukimbia mji wetu wa Mocímboa, kaskazini mwa Msumbiji. Nikaweka ndoo chini. Maana wimbo ule, ndugu yangu unayesoma, ulikuwa wangu, na nilinyang'anywa mchana kweupe mbele ya watu.

Wakati ule habari ya gesi ilikuwa mpya midomoni, na kila nyumba ilikuwa na mtu aliyekwenda Palma kutafuta kazi. Mama yangu alikwenda kufua nguo kwenye kambi ya wageni, akaniacha na bibi. Aliacha pia jiwe lake la kusagia msiro, ule mti ambao wanawake wa kwetu huusaga kwa maji wakajipaka usoni. Kila asubuhi kabla ya shule nililimwagia jiwe maji na kusaga kidogo, ili mama akirudi alikute bichi, kama vile hakuondoka.

Nyuma ya nyumba yetu aliishi mama muuza vitumbua. Asubuhi alikaanga, mtaa ukanukia nazi na iliki. Ijumaa baada ya alasiri aliimba uani kwake, akipiga gitaa la bati alilotengenezewa na marehemu mumewe. Tulikaa mkekani, karibu naye hata tukauona mshipa wa shingo ukisimama. Alifumba macho, sauti ikapasuka, naye akaiacha ipasuke. Alitoka jasho hata msimu wa kusi, sisi tumejifunika.

Nyimbo zake zilitoka kwetu wenyewe. Ukiwa na jambo moyoni ulikwenda kumsaidia kukuna nazi, ukamweleza. Siku moja ungelisikia likiimbwa, bila jina la mtu. Mwenye jambo alijulikana kwa njia moja tu: aliinuka, akafungua kapulana yake, kile kitenge cha kujifunga kiunoni, akamfuta mwimbaji jasho. Tangu hapo wimbo uliitwa kwa jina lake.

Mimi nilimweleza habari ya jiwe. Hakusema pole. Aliuliza tu kama nalimwagia maji ya kisima au ya mvua, nikamjibu ya kisima, akaendelea kukuna.

Ijumaa iliyofuata akaimba, "Jiwe usikauke, mwenyewe yuko njiani." Nilihisi kama nimevuliwa nguo, na papo hapo kama nimevalishwa mpya. Bibi akanigusa kwa kiwiko.

"Inuka. Ni wako."

Nilishika fundo la kapulana. Watu walikuwa wengi, na mimi hata mwalimu akiniita ubaoni nilikuwa nalia. Mwimbaji akaurudia ubeti wa mwisho, polepole, macho wazi safari hii. Nikajua ananingoja.

Akainuka binti wa jirani. Baba yake alikuwa nahodha wa boti iliyowachukua wageni wa gesi kupita kisiwa cha Rongui, haonekani nyumbani miezi. Binti alikuwa na viatu vyenye taa visiginoni na mkoba mpya wa shule, na sasa alikuwa analia. Yalikuwa machozi ya kweli, nami nilimchukia zaidi kwa kuwa yalikuwa ya kweli. Akamfuta mwimbaji jasho kwa kapulana ambayo bado ilikuwa ngumu ya dukani.

"Haya, kaa na lako," bibi akaninong'oneza. "Jasho halimngoji mwenye haya."

Shuleni wote wakauita wimbo kwa jina lake. Nikaacha kumsalimu. Mwisho nikaenda kulalamika kwa mama muuza vitumbua, nikitazama miguu yangu.

"Mwanangu, jiwe ni lako," akasema. "Lakini kilio chake nilikisikia. Chako sikukisikia."

Nikamwomba anitungie mwingine. Akasema huzuni moja haipikwi mara mbili, akanipa kitumbua cha moto.

Mama alirudi baada ya mvua, uso unang'aa kwa krimu ya kopo. Nikamwonyesha jiwe, bichi. Alicheka kwa upole, akasema msiro ni mambo ya bibi, akaliweka kuzuia mlango usipigwe na upepo. Likakauka. Wivu wangu ukaota mizizi hapo. Kilichobaki cha asubuhi zangu zote kilikuwa ule wimbo, nao una jina la mtu mwingine.

Kisha ikaja vita. Bibi tulimzika njiani, na miaka ikapita kabla hatujarudi. Mama muuza vitumbua hakuna ajuaye aliko, na pale uani kwake leo pana majani tu. Nyumba yetu haina mlango wa kuzuiwa na jiwe.

Bombani nilimwuliza yule mwanamke wimbo amefundishwa na nani. Akasema na jirani yake kule kambi ya wakimbizi ya Montepuez, dada mmoja wa Mocímboa.

"Kila akiuimba analia. Anasema ni wa kwake."

Nilisikia wivu uleule, haujazeeka hata kidogo. Nikasikia pia kwamba binti wa jirani yu hai. Nilitaka kusema wimbo ni wangu, na kama siku ile, haya ikanizuia.

Lakini mwanamke alikuwa amepampu sana, jasho linamtiririka mpaka kidevuni. Nikafungua kapulana yangu, nikamfuta uso, taratibu, mbele ya foleni nzima ya ndoo.

Akacheka kwa mshangao. "Dada, kwani unanijua?"

Nikamwambia aendelee, bado ubeti wa mwisho.