Udongo wa Kuosha Mume

Mbwa wa mji wetu wa Arua, Uganda, hawakuwa wa mtu. Walilala nyuma ya mabucha wakigombania matumbo, nasi Waislamu tuliwatupia mawe bila hata kukatiza mazungumzo. Mume wangu alipooa mke wa pili katika mji wa Koboko, mimi nikaanza kuwatupia kwa shabaha.

Mke mwenzangu huyo alikuwa mkimbizi wa kutoka Sudani, amesilimu juzi tu, na mbwa wa mitaani walikula mlangoni kwake. Mume wangu, dereva wa lori la mizigo ya mpakani Oraba, alinisimulia: "Yule hana woga. Askari wakija usiku, mbwa wake wanajua kwanza." Alimsifu kwa sauti ambayo mimi, niliyesoma hadi sekondari nikamzalia mtoto wa kiume, sikuwahi kuisikia.

Siku ya zamu yangu alifika na manyoya ya mbwa kwenye suruali. Nikamwekea beseni na udongo nje ya mlango.

"Najisi ya mbwa huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Huingii."

"Mbwa mkavu hanajisi, mama mtoto. Uliza shehe."

Shehe aliulizwa, akampa haki. Sawa. Kiangazi chote nilingoja mvua. Mvua ikinyesha, Koboko yote haina mbwa mkavu.

Hapo nilimkamata. Kila alipotoka kwa yule mwanamke alisimama uani akijisugua mikono na miguu, sabuni yenyewe madukani hakuna. Jirani alichungulia juu ya ua akicheka: "Dada, iko naosha bwana ao naosha sufuria?"

"Sufuria haina mke wa pili," nikamjibu.

Nilifurahi, nisiseme uongo. Nilitaka kila alichotoka nacho kule kiishie kwenye beseni langu.

Kisha siku moja ya manyunyu lori likaja, na mbwa mwekundu akaruka kutoka nyuma. Alikwenda moja kwa moja kwa mwanangu akamlamba uso mzima. Mtoto akacheka.

Mume aliegemea mlango wa lori. "Haya. Na huyo mtoto je? Atalala nje?"

Nikamnyakua mtoto nikamtia kwenye beseni. Nilimwosha, nikampaka udongo, nikamwosha tena. Alipiga mayowe. Ningeweza kuacha, lakini baba yake alikuwa anatazama, na kuacha kungekuwa kumwambia kwamba tangu mwanzo sikuwa nikiosha najisi ya mbwa.

"Kule napokewa kwa chai," akasema, akapanda lori. Mbwa akamfuata, akakaa mbele, kwenye kiti.

Zamu ilikuwa yangu! Usiku ule ulikuwa wangu kwa sheria ya dini, na lori likashika barabara ya Koboko.

Mtoto alinyoosha mikono, udongo masikioni, akilia: "Mbwa! Mbwa!"

Hakumtaja baba yake.