Nilificha kitovu ya mutoto mu frigo ya jirani

Admin, aksanti kwa kuficha jina yangu, juu hapa Bukavu batu banajuana sana. Niko maman wa miaka 32, nashona nguo kwangu Kadutu. Bwana yangu iko Shabunda mu machimbo ya dhahabu, anapiga simu siku anapopata réseau, na ile siku iko nadra. Tuko na batoto wawili: binti wa miaka tisa, tumuite Neema, na kijana wa miezi ine. Neema iko SS, ule ugonjwa wa damu unaouma mu mifupa. Crise ikimukamata, hata shuka ikimugusa analia.

Mwaka jana niliona video mu telefone. Docteur mumoja anasema kwa Kifaransa kama kule Ulaya kitovu ya mutoto muchanga iko na chembe za kuzaa damu mupya, na mutoto mumoja wa SS alipona kwa kitovu ya mudogo wake. Niliirudilia mara sijui ngapi. Kuuliza si ujinga, lakini mimi niko kichwa nguvu, sikuuliza mutu. Bwana yangu aliposhuka kutusalimia, nilibeba mimba. Naandika vile iko: yule kijana nilimuzaa juu ya dawa. Na Neema nilimuambia, "Mudogo wako anakuja na dawa yako."

Siku ya kuzaa niliomba infirmière aliyenizalisha kipande ya kitovu. Alishangaa, akanipa. Niliificha mu thermos na barafu, kesho yake nikaipeleka kwa jirani, Maman Sifa anayeuzisha samaki, mu ile frigo yake kubwa inayofungukia juu. Nilimuambia ni dawa ya Neema. Na ile kipande iliyobakia ku tumbo ya mutoto, ilipoanguka, nayo nikaiongeza.

Hapo njo matata ilianza. Kwetu kitovu inazikwa chini ya mugomba kwa wazee, mutoto ajue kwabo ni wapi. Mama mukwe alishuka toka Kabare kuitafuta. Nikasema ilipotea. Akaniangalia sana.

"Kitovu haipotee, maman. Inauzishwa."

Ayi! Kwetu anayeuzisha kitovu ni muchawi. Mimi, muchawi! Tangu ile siku hakuna mutu wa kwa bwana yangu anayekanyaga kwangu. Ku kanisa banamama bananipigia bonjour ya mbali. Mutoto hajabebwa na mutu, ila mimi na dada yake. Mashine ya kushona njo inaniongelesha muchana muzima. Nilivumilia, juu nilijua Neema akipona bote batanyamaza.

Mwezi uliopita nilipata nguvu, nikamuambia docteur anayemutibu Neema. Hakunicheka. Afadhali angenicheka. Alifunga mulango, akasema polepole: "Maman, si kitovu yenyewe. Ni damu iliyo ndani yake. Inakamatwa palepale mutoto anapozaliwa, inalindwa mu baridi ya mashine maalum, na banapima kwanza kama damu ya batoto wawili inapatana. Hapa kwetu hatuna ile kazi. Hii yako haiwezi kumusaidia." Nililia pale mbele yake kama mutoto.

Kurudi nilipita kwa Maman Sifa, nikafungua frigo, nikaifunga. Kuitoa ni kumuambia Neema, na mudomo yangu ilikataa. Juma ile ile crise ilimupata, akauma kitenge asipige kelele, akaniambia, "Maman, usilie. Si dawa iko kwa Maman Sifa?"

Na Maman Sifa, mudomo yake haina mufuniko, akamutobolea mama mukwe siri. Bibi yao ametuma neno: Dimanche, siku ya kanisa, anakuja. Nikimupa kitovu aizike, yote imeisha, atakula kwangu, atabeba mujukuu wake. Mungu anisamehe, nilifurahi. Nimechoka kuwa peke yangu. Lakini Neema alisikia yote.

Jana alitoka masomo, hakufika nyumbani. Nilimukuta kwa Maman Sifa, ameketi juu ya mufuniko ya frigo na uniforme yake, miguu inaning'inia. Ananiambia analinda dawa yake mpaka Dimanche ipite.

Ndugu zangu, bamaman wenzangu, Dimanche ni kesho kutwa. Leo tena ameketi pale. Nimutoe juu ya ile frigo na maneno gani?