Hedifoni za Jirani wa Juu

Nilimchukia Veijo Hyttinen miaka mitatu mizima kabla hajaingia dukani kwangu kununua hedifoni, na nisidanganye, mpaka leo simpendi. Yeye aliishi ghorofa ya nne, mimi ya tatu, dari yangu ndiyo sakafu yake. Kila jioni kuanzia saa kumi na mbili, nikiwa ndiyo kwanza nimevua viatu na kubandika supu yangu ya njegere, sauti yake ilikuwa ikishuka: "Kushoto, we zoba. Kushoto nimesema. Haya, umeshakufa, umefurahi?" Hakuna aliyekufa. Veijo alikuwa akicheza vita vya vifaru kwenye kompyuta, pamoja na wanaume wanne ambao hajapata kuonana nao uso kwa uso.

Alikuwa na miaka hamsini na sita. Ishirini na nane kati ya hiyo aliimalizia kwenye kiwanda cha mbao hapa mjini Kotka, mwishoni akiwa msimamizi wa zamu upande wa misumeno, mahali ambapo usipopayuka husikiki. Kiwanda kikafungwa, bega likamharibikia, mkewe Marketta akafungasha vyake akahamia kwa dada yake. Zamu yake ya sauna, kile chumba cha kuogea mvuke cha jengo zima, Alhamisi saa moja jioni, aliiachia kwa sababu timu ilicheza saa hizo, na kwetu mtu anayeachia zamu yake ya sauna tunamtazama mara mbili. Ngazini hakusalimia. Ukimshikia mlango alipita tu, utadhani umeajiriwa kwa kazi hiyo. Kwenye vifaru vyake, lakini, alikuwa kapteni. Wale wanne walifuata amri zake, na nadhani hakukuwa na mtu mwingine duniani aliyekuwa bado anazifuata.

Mimi nami si malaika. Nilimwandikia vikaratasi nikavibandika kwenye ubao wa ngazini, bila jina, maana ndivyo tunavyogombana katika nyumba zetu. Navikumbuka kumi na sita. Mwishowe kamati ya jengo, chini ya Orvokki wa ghorofa ya kwanza, ikampa onyo la mwisho kwa maandishi: yakija malalamiko mengine kutoka milango miwili, mkutano utapiga kura, na nyumba yake itapangishwa mtu mwingine kwa miaka mitatu. Itabaki mali yake, lakini yeye hatakanyaga.

Siku mbili baada ya barua hiyo akaja dukani, mwezi wa tatu, buti zinachuruzika theluji chafu. Alinitazama kama mtu asiyewahi kuniona, na pengine kweli hakuwahi.

"Dada, nataka hedifoni za gemu. Zenye maiki."

"Ulizonazo zina shida gani?"

"Zimechakaa, sauti inavuja. Kuna vichaa kwetu wanadai nawapigia kelele. Nataka zinazoziba kabisa, kisitoke kitu."

"Vichaa gani hao?"

"Mmoja anakaa chini yangu. Mwanamke fulani, anabandika vikaratasi ubaoni, jina haweki. Mwoga tu."

Nikatabasamu. Miaka kumi na moja ya kuuza inakufundisha kumtabasamia hata anayekutukana. Nikamuuliza kama anataka zisizo na waya. Akasema za rafiki yake ziliwahi kumtia aibu, kombora likishamlipua ndiyo mlio unafika. Nikamwekea mezani tatu zenye waya. Akazivaa moja moja juu ya miwani yake, akatikisa kichwa kuona kama zitadondoka, akalalamikia zile zilizombana masikio. Lazima niseme alichagua kwa makini. Alitaka kujua kifaru kinatokea upande gani bila kukiona, na alitaka uzito ambao shingo itauvumilia kwa saa nne mfululizo.

Mbili kati ya hizo zilikuwa za kuziba. Za tatu zilikuwa na wavu mgongoni, hewa inapita, na kwenye waya kuna kitufe cha kuzungusha kinachokurudishia sauti yako mwenyewe masikioni wakati unaongea. Hapo ndipo penye siri ya kazi hii, na kila mwenye majirani wakali huikosea. Mtu anadhani kadiri hedifoni zinavyoziba, ndivyo nyumba itakavyotulia. Kumbe ukimziba mtu masikio hajisikii, na asiyejisikia anapayuka. Kilichokuwa kikishuka kwenye dari yangu hakikutoka kwenye hedifoni, kilitoka mdomoni mwake. Kazi yangu ilikuwa kumwambia hivyo. Sikumwambia. Nilimsogezea zile zilizoziba kuliko zote.

"Hizi nzuri?" akauliza.

"Ukivaa hizi hutasikia kitu."

Akalipa, akaondoka bila ahsante. Nilijua nilichofanya, na nilifurahi.

Jioni ile hata kijiko changu sikukisikia kikigonga bakuli. Maneno yalishuka safi, moja moja, mpaka nikalijua jina la mmoja wa timu yake, Mwestonia ambaye Veijo alimtukana zaidi ya wengine, Urmas. Siku ya tatu Orvokki akanijia na karatasi. Mlango wa kwanza ulikuwa umeshasaini.

"Weka yako hapa, Tuija, tuachane na huyu mtu," akasema.

"Niachie mpaka Jumamosi."

"Ya nini? Si wewe ndiye uliyelia kuliko wote?"

Nilimwambia nataka kuisoma vizuri. Uongo. Nilitaka kukaa nayo kidogo, niionje. Nikaenda nayo kazini, nikaitia kwenye droo ya kaunta.

Jumamosi mchana Veijo akaingia, akabwaga boksi mbele yangu, na nyuma yake wateja wawili wanangoja.

"Umeniuzia takataka."

"Imeharibika nini?"

"Timu nzima inalalamika, eti nawatoboa masikio. Urmas anasema nikiendelea hivi watatafuta kapteni mwingine. Kapteni mwingine, mimi niliyewakusanya. Na jana mlango wangu umegongwa tena. Mnauza kitu msichokijua, nyie watu."

Damu ikanipanda. Nikachukua zile za tatu, zenye wavu, nikazichomeka kwenye kompyuta ya kujaribia, nikazungusha kitufe mpaka mwisho. Msinione mwema. Sikuwa namsaidia, nilitaka naye aonje kidogo.

"Vaa hizi," nikamwambia. "Halafu endelea kunitukana, nione kama maiki inafanya kazi."

"Usinifundishe, we mwanamke," akaanza, anazivaa. "Nimeongoza watu thelathini kwenye misumeno wewe bado unafundishwa kufunga kamba za viatu. Nyie wa madukani kichwani hamna kitu, mnajua kukenua tu, na ukiwauliza—"

Akakatika katikati ya neno. Miaka mitatu nilikuwa sijamsikia akiacha sentensi bila kuimaliza. Akageuka nyuma, akarudisha uso kwangu.

"Nani huyu anaongea?"

"Wewe."

"Hivi ndivyo ninavyosikika?"

"Kila siku. Saa kumi na mbili mpaka saa nne."

Alinitazama, na safari hii aliniona.

"Wewe ndiye wa chini."

"Ndiye mimi. Na vikaratasi ni vyangu."

Nilingoja matusi. Hayakuja. Aliisogeza maiki karibu na mdomo, akasema kwa sauti ambayo kwake naona ilikuwa ya kawaida, ya mtu aliyekaa sebuleni anamwita mwenzake aliye jikoni: "Marketta. Marketta, njoo."

Nilisikia mwangwi wake ukitoka kwenye ule wavu. Ilikuwa sauti ya msimamizi anayemwita kibarua aliyechelewa zamu. Wale wateja wawili walikuwa wanatazama chini. Veijo alizivua kwa mikono miwili, akaziweka mezani polepole.

"Nirudishie zile za kuziba," akasema.

Hapo roho ikanisuta, na nilichukia kusutwa kwa ajili yake.

"Veijo, sikiliza. Nimekukosea. Zile zinakufanya upayuke, nilijua, nikakuuzia makusudi. Hizi utajisikia na utashusha sauti mwenyewe. Timu watatulia. Karatasi ya Orvokki iko kwenye droo hii, sijaisaini. Chukua hizi, nakubadilishia bure, na nyumba yako inabaki."

"Nizivae kila siku?"

"Kila unapocheza."

"Nikimsikiliza huyo?" Akazinyooshea kidole, kama kuna mtu amekaa ndani yake. "Hapana, dada. Nyumba chukueni."

Akakumbatia boksi lake, akatoka. Nilibaki na hasira kuliko niliyokuwa nayo siku zote. Nilikuwa nimejishusha mbele ya wateja, nimekiri kosa langu kwa mtu nisiyempenda, naye akakataa. Nikafungua droo, nikasaini palepale, kwa nguvu mpaka kalamu ikatoboa karatasi.

Mkutano ulichukua dakika ishirini. Veijo hakuja kujitetea. Mwezi wa tano alihama, akapanga chumba upande wa pili wa mto. Timu yake sijui iliishia wapi. Nilimwona ngazini anashuka na kompyuta aliyoifunga kwenye blanketi, zile hedifoni za kuziba zimemkaa shingoni. Nilimshikia mlango. Alipita tu, kama kawaida yake. Sasa juu yangu anakaa binti anayesomea uuguzi, anatembea na soksi, na supu yangu naila kwa amani niliyoitaka.

Siku ile aliyohama niliingia kazini nimefurahi. Nilipokuwa nafuta vumbi kwenye meza ya kujaribia nikazikuta zile za wavu palepale nilipozichomeka, kitufe bado kiko mwisho. Hakukuwa na mteja. Nikazivaa nione kama zinafaa kurudi rafuni. Kwenye maiki unasema lolote linalokujia, na mimi likanijia hili: "Veijo Hyttinen, zoba mkubwa we, umepata ulichokitafuta."

Sauti iliyonirudia masikioni ilifanana na yake, nikazivua haraka kuliko yeye. Nikazirudisha kwenye boksi, nikaandika juu kwa kalamu nene kwamba zina kasoro, nikazituma zilikotoka.