Bi Rahamatou Asafiri kwa Kabati

Kwa Wakomoro nyumba ni ya mke, hilo halina ubishi, na mwanamume anayehamia humo sharti ajue kukaa na mama mkwe. Ibouroi, mpiga picha za vitambulisho wa mji wa Mahajanga, Madagaska, alilijua hilo alipooa kisiwani Nosy Be mwaka 1984. Alichoshindwa ni kuiacha kamera. Alijipatia kamera kuukuu ya sinema, na tangu hapo akawa hashikiki. Mama mkwe wake, Bi Rahamatou, akamwambia waziwazi: filamu yake ikionyeshwa Iddi ikawa upuuzi, kamera ifungiwe, naye aende kupima mchele dukani kwa shemeji yake.

Filamu yenyewe ilimhusu bibi anayeingia kabatini Nosy Be na kutokea Mahajanga ya utoto wake. Bibi huyo aliigizwa na Bi Rahamatou mwenyewe, maana Ibouroi hakuwa mjinga. Lakini kwenda Mahajanga kweli bibi alikataa katakata. Alikimbia baada ya zile ghasia za mwaka 1976, Wakomoro walipouawa mjini humo, na akaapa hatakanyaga tena. Basi Ibouroi akavuka peke yake, akaupiga picha mlango wa nyumba ya zamani ya kina Bi Rahamatou, akarudi na mkanda mmoja tu uliobaki wa kumalizia sehemu ya kabati.

Hila ilikuwa rahisi. Familia nzima isimame uani ikitazama kabati, bila kutikisika, kamera izimwe, Bi Rahamatou achopoke, kamera iwashwe. Ubani ulifukizwa mpaka kuku wakakimbia. Kamera ikazimwa, bibi akachopoka, na papo hapo Fazul muuza samaki akaingia na kapu lake, akatoa salamu.

Sasa, Mwislamu gani ataachia salamu ianguke chini? Wote waligeuka wakaitikia, wazee wakampa mkono, na Fazul akasogea hadi kabatini kuuliza nani kapagawa. Ibouroi, moshi ukimwishia na jasho likimtiririka, akawasha kamera hivyo hivyo. Mkanda ukapelekwa Ufaransa kusafishwa, naye akabaki roho juu.

Siku ya Iddi madirisha yalifungwa, shuka likatundikwa ukutani, na majirani wakajazana. Bi Rahamatou akaonekana mbele ya kabati, moshi ukafuka, mara hayupo, na mahali pake kasimama Fazul na samaki wake. Watu walicheka hadi wakalala chini. Fazul alisimama akaapa kwamba hajawahi kuwa mwanamke hata siku moja. Ibouroi alitamani ardhi immeze.

Kisha ukaja ule mlango. Rangi yake ya kijani ilikuwa imepauka, na paka aliyelala kizingitini akaamka akaenda zake. Kicheko kikakatika. Ibouroi hakuthubutu kumtazama mama mkwe.

"Rudisha," Bi Rahamatou alisema.

Akaurudisha mkanda. Paka akaja kinyumenyume, akalala.

"Simamisha hapo."

"Mama, nikiusimamisha taa ya mashine itauunguza."

"Basi usiusimamishe, mwanangu."

Ibouroi akawa anaupeleka mbele na kuurudisha nyuma, paka akiamka na kulala, mpaka chai ikapoa na wageni wakaondoka mmoja mmoja. Bi Rahamatou alikuwa akilia, wala hakujificha.

Habari ya mchele haikusemwa tena nyumbani mle. Iddi ilipopita, bibi alimwuliza mkwewe boti ya Mahajanga huondoka siku gani.