Kidole Kimoja Bila Hina

Jamaa zangu wa Kitui, kila tukipigiana simu mnaniuliza kama matibabu ya bure yamefika hata huku visiwani nilikoletwa kufundisha. Yamefika, msiwe na wasiwasi. Yamefika mpaka kwenye ncha ya kidole, na hapo ndipo yalipokwama. Nawaandikia niwasimulie safari niliyoifunga nikiyafuata, maana hasira ningali nayo na huku sina wa kumfokea.

Kiwayu nimepanga chumba kwa Bi Mwanakombo, mama mtu mzima aliyefiwa na mumewe mwaka huu. Mtoto wa jicho alimwingia macho yote mawili. Mimi alikuwa akinitambua kwa kikohozi. Ana mjukuu, Rukia, aliyemlea tangu akinyonya, na binti huyo alikuwa anaolewa mwezi uliofuata. Bibi hakutaka mali wala maisha marefu. Alitaka amwone Rukia siku ya kupambwa, basi. Ndipo tukasikia kwamba daktari wa macho kutoka Nairobi atakuwa Amu, yaani Lamu mjini, siku mbili, na mfuko wa afya wa taifa utalipia kila kitu.

Safari yenyewe ilianzia zahanati ya kijijini. Mfumo wetu ni ngazi, na huruhusiwi kuruka kidato. Zahanati inaendeshwa kwa kodi yenu na yangu. Ikishindwa, inakuandikia rufaa ya hospitali kubwa. Na huko mfuko wa taifa, ambao sote tunauchangia, ndio unaolipa. Mpango mzuri ajabu. Ukiusoma kwenye bango utatamani kuugua. Nesi wetu alipanda kilima cha mchanga nyuma ya kijiji, simu juu kichwani, akitafuta mtandao wa kuitumia rufaa. Alishuka jasho likimchuruzika, akasema imeenda. Kumbe hiyo ndiyo hatua pekee iliyokuwa iende sawa.

Asubuhi ya kuondoka, Bi Mwanakombo alitoka chumbani amevaa buibui jipya, ananukia udi, na vidole vyote kumi vimekoza hina, ncha zake zimepitishwa piko jeusi likang'aa. Eda yake ilikuwa imekwisha wiki ileile. Miezi minne na siku kumi mjane hajipambi. Sasa amefunguliwa, tena anakwenda mjini kwa daktari mgeni, aende mikono mitupu kwani ameiba? Nilimsifu. Nilimwambia amependeza, na wallahi, kama wasemavyo wenyeji wangu, alikuwa amependeza.

Baharini tulisafiri pamoja na makasha ya kamba hai waliokuwa wakipelekwa hoteli za bara. Nawaambia, hao ndio raia wenye huduma. Walifunikwa magunia ya maji baridi, wakawekwa kivulini, na nahodha alikuwa akiwachungulia kila mara kuona hali zao. Sisi tuliachiwa jua. Kamba wale wangelala Nairobi siku ileile, na hakuna aliyewauliza kama wamesajiliwa. Mimi nilitapika kutoka Faza mpaka Mkanda, na pale Mkanda, mlango mwembamba wa bahari, maji yalikuwa yamekupwa, tukangoja bahari ijae. Bi Mwanakombo alinipapasa mgongo, akinipa pole. Mgonjwa akawa ananiuguza mimi.

Adhuhuri tulifika Amu. Tulipenya vichochoro tukiwapisha punda, yeye ameshika mkono wa shati langu, hadi hospitali. Dirishani tulimkuta Kelvin, kijana wa bara kama mimi, mpole, hana baya. Alitufafanulia kwamba Bi Mwanakombo alikuwa amesajiliwa chini ya mumewe, na mume akishakufa, mke naye anatolewa kwenye mtambo. Kumbe walizikwa wote, sisi tukawa tunaishi na mzuka. Lakini si shida, alisema, atasajiliwa upya sasa hivi: kitambulisho, kisha aweke kidole hapa.

Akaweka. Taa ikawaka nyekundu.

Akaweka cha pili, cha tatu, mkono wa kulia, mkono wa kushoto. Nyekundu tu. Kelvin akafuta kioo kwa shati, akafuta vidole vya bibi kwa spiriti, akatuma mtu akanunue ndimu. Mimi, msomi wa kijiji kizima, nikashauri tusugue kwa sabuni ya unga. Tukasugua mpaka bibi akaanza kujikunja, na hina ikazidi kung'aa kwa usafi.

"Mwalimu, mtambo unasema huyu mama hana vidole," Kelvin akaniambia kwa sauti ya chini.

Nikamwambia vidole hivyo hapo, avihesabu. Akasema yeye anaviona, ila macho yake hayatumwi Nairobi. Zamani mgonjwa alikuwa akithibitishwa kwa namba inayotumwa kwenye simu, lakini mahali fulani wajanja wakawa wanatibu watu ambao hawapo, na serikali inalipa. Ndiyo ikaletwa mashine ya vidole. Nikaelewa. Watu hewa walitibiwa wakapona, na sasa aliyepo ndiye anaambiwa hayupo.

Daktari mwenyewe alitoka nje kutuona, kofia ya kijani kichwani. Alimfunua bibi macho, akasema ni kazi ndogo, angeimaliza kabla ya chai. Lakini bila kidole mfuko haulipi, na bila malipo stoo haitoi lenzi ya kuweka jichoni. Hina ingechukua wiki mbili kufifia. Yeye angeondoka kesho yake. Alisema samahani, na nadhani alimaanisha. Samahani, kwa bahati nzuri, haihitaji kidole.

Kwenye benchi alikuwepo mama mmoja wa Matondoni aliyemleta dadake. Alikuwa amesikia yote. Alinyoosha mikono yake mbele yetu: vidole tisa vina hina, gumba la kulia jeupe pe. Huku Amu na vijiji vyake, alisema, wanawake walishajua. Siku ya kupaka, gumba moja linafungwa kitambaa, linaachiwa serikali. Hamkuambiwa? Hatukuambiwa. Redio ilitueleza faida zote za mfumo, tena kwa nyimbo. Hili la gumba lilisahaulika kwenye wimbo.

Nikamgeukia Bi Mwanakombo. Nilidhani atalia. Alifuta mikono yake kwa ukaya, mtandio wake, akasema kwa lugha yao, ambamo vidole ni zanda na macho ni mato, "Hunambia sina zanda. Na mato sina. Basi nirudishani kwetu, na huko wakanambie na mimi sipo."

Aliyelia ni mimi, tena nikiwa nimegeukia ukuta, mwalimu mzima na tai yangu.

Kesho yake tulirudi Kiwayu. Boti ilirudi na makasha matupu. Njiani bibi aliniuliza daktari atakuja tena lini, nikamwambia wamesema watatangaza. Akaitikia inshallah, lakini kwa sauti ya mtu anayemjua anayemtegemea, na si mimi wala serikali.

Harusi ilifika kabla ya tangazo. Ya usiku wa hina sikuyaona, mambo ya wanawake hayo. Alinisimulia Rukia mwenyewe. Alipopakwa, aliagiza gumba lake liachwe. Ataolewa, atazaa, na uzazi nao unalipiwa na mfuko. Habari ya Amu ilikuwa imemfikia kila mtu kijijini. Bibi akasogea karibu, akaomba mikono ya bibi harusi. Hakuweza kuona maua yaliyochorwa, akawa anapapasa hina mbichi kidole kwa kidole, polepole asiiharibu, mpaka akafika kwenye gumba kavu. Akauliza hiki kimekosa nini. Wakamwambia ni cha serikali.

"Kipakeni," akasema. "Mimi humngoja yeye tangu siku ile. Usiku mmoja wa mjukuu wangu, naye na angoje."

Wakakipaka.

Kisha bibi mwenyewe alipoletewa hina yake, akatoa mikono yote miwili, gumba la kulia amelifunga kitambaa. Mpakaji alitaka kukifungua, akamkataza. Mnaniuliza nimejifunza nini katika safari hii. Nimejifunza kupika wali wa nazi, na kwamba gumba lile bado limefungwa. Kila jioni nikirudi kutoka shule naulizwa kwa sauti ileile kama wametangaza.