Mkono wa Uchochoroni

Mwezi uliopita nilikwenda Voi kwa harusi ya binti wa ndugu yangu. Jioni ya kupika, tukiwa uani tunakaanga vitunguu vya pilau, stima ikapotea. Ni jambo la kawaida. Wanawake walicheka, mmoja akawasha tochi ya simu, upishi ukaendelea. Lakini mimi nilijikuta nimebana mgongo ukutani, mikono nimeikumbatia kifuani, pumzi nimeizuia. Bibi harusi akanimulika usoni.

"Shangazi, unamwogopa nani?"

Nikamwambia moshi umeniingia machoni. Wewe, rafiki yangu msomaji, nitakwambia ukweli.

Katika miaka ya tisini tulipanga vyumba viwili nyuma ya duka la familia moja ya Kihindi, si mbali na stesheni ya reli. Baba alikuwa fundi wa nguo, na cherehani yake ilikaa barazani kwa mwenye duka huyohuyo. Mtu mmoja, basi, ndiye aliyeshika paa letu na riziki yetu. Wenyewe waliishi ghorofani, juu ya duka. Asubuhi ubani wa sala zao ulishuka ngazi ukakutana na udi wa nyanya yangu, na hapo katikati pakanukia samli na bizari na chapati nyembamba kama karatasi. Akina mama wa Kitaita walishuka milimani na ndizi zao na mboga. Upepo nao haukuchoka kutuletea vumbi jekundu, tukalipangusa mezani asubuhi, adhuhuri tukaandika majina yetu juu yake. Kazi yangu ilikuwa kuchambua mchele na kuteka maji katika bomba la uani, ambalo lilikuwa la wapangaji wote.

Binti wa ghorofani ndiye niliyemwita Dada. Alikuwa amemaliza sekondari, anangoja kwenda chuo cha ualimu. Mchana duka likifungwa kwa chakula, alinikalisha kwenye ngazi akanisomesha, akanipa mkononi chevda, ule mchanganyiko wao wa dengu na karanga zenye pilipili, akanifundisha na maneno ya kwao. Moja lilinichekesha hadi machozi: kwao baba mdogo huitwa kaka. Yule baba yake mdogo, mwenye mvi na tumbo la heshima, aliyesimama mbele siku zao za ibada na uzi umefungwa kifundo cha mkono, aliyewapa watoto wote wa uani soda siku ya sikukuu yao ya taa, eti ni Kaka! Nikamwita hivyo kwa siri, mimi na Dada tukacheka.

Dada alikuwa na ndugu wa kiume aliyempita kidogo umri. Huyo alikuwa na pikipiki. Alirudi saa aliyotaka, na akikaa barazani aliwapigia miluzi wasichana wanaotoka shule, na baba yake akicheka: "Kijana huyo, damu inachemka." Dada yeye akisimama dirishani kuanika mtandio, aliulizwa anamtafuta nani huko nje.

Sasa nikwambie habari ya uchochoro. Kutoka barabarani kuja uani kwetu ulipita njia nyembamba, upande mmoja ukuta wa jirani, upande wa pili ghala la duka. Ghala hilo lilikuwa na kidirisha cha mbao kilichofungwa siku zote. Jua likitua, hasa stima ikipotea, mkono ulitoka. Mkono tu. Ulimshika mwanamke kiunoni, au begani, au nywele, kisha ukawa haupo. Ukigeuka, unaona mbao zimefungwa na giza limetulia kana kwamba halijaguswa.

Wakubwa walikuwa na maelezo yake. Zamani, walisema, reli ilipokuwa inajengwa, kuli mmoja aliliwa na simba mahali pale. Simba alimmaliza wote akabakisha mkono, ukazikwa peke yake bila mwenyewe. Alikufa hajaoa, ndiyo maana mkono unatafuta mke. Wanaume walipita usiku na mchana wakiimba, haukuwagusa hata siku moja.

Nyanya alinifundisha namna ya kupita. "Soma Ayatul Kursi, mjukuu wangu. Pita upesi. Usigeuke. Na ukishikwa, usiseme, maana ukisema utakufuata ndani." Mama alinifundisha kubana upande wa ukuta wa jirani. Mwuza mahamri aliposhikwa hadi buibui likachanika, wenzake walimuuliza kwa nini alijitia manukato. Mara moja ulinishika mimi, begani, nikimpelekea Baba ndoo ya maji barazani. Ulikuwa wa baridi, baridi ya kitu kilichotoka majini. Nilifika kwake ndoo ikiwa tupu na miguu imelowa, na sikusema, kama nilivyofundishwa.

Nilimwambia Dada peke yake. Aliendelea kunisuka. Kisha akasema, "Mdogo wangu, mfu ana haja gani ya kungoja stima ipotee?"

Jioni moja ya upepo mkali, mji mzima ukaingia giza. Dada alishuka ngazi akaniita twende tukateke maji. Alikuwa na ndoo, lakini niliona jinsi alivyokuwa amejifunga mtandio kiunoni, kama mtu anayekwenda kulima. Badala ya kwenda bombani moja kwa moja alinizungusha kupitia barabarani, tukaingia uchochoroni kutoka upande ule. Nilishika ncha ya nguo yake. Alitembea polepole, katikati ya njia, karibu na ghala. Hakuna mwanamke aliyewahi kupita hivyo.

Nilisikia mbao zikisugua, sauti ndogo sana. Dada akaguna. Halafu ndoo ikaanguka.

"Shika!" akasema. "Mdogo wangu, nimeukamata, shika na wewe!"

Nilipapasa nikaukuta. Ulikuwa na vinyweleo, na uzi wa ibada umefungwa kifundoni, na mishipa yake ilikuwa inapiga. Ulivuta. Nyuma ya mbao mtu alikuwa anahema. Dada aliegemeza mguu ukutani akavuta naye, na hapo akapiga ukelele ambao sijapata kuusikia tena kwa binadamu:

"Kaka! Ni Kaka! Ni Kaka!"

Milango ikafunguka. Taa za chemli zikaja zikiyumba. Mkono ukapokonyoka mikononi mwetu, na mbao zikajifunga.

Alifika kwanza ndugu yake, mbio. "Niko hapa! Kuna nini?"

"Si wewe," Dada akasema. "Si wewe."

Mama yake alikuwa amefika. Alimtia kiganja mdomoni bintiye, taratibu, kama anayemlisha. Baba yake akaja nyuma, akatazama ndoo, nywele, mtandio kiunoni, akauliza swali moja tu: "Ulikuwa unafanya nini huku nje gizani?"

Wapangaji walitazamana. Mmoja akasema, "Maskini, alikuwa anamwita kaka yake." Wengine wakaitikia haraka, ndiyo, alikuwa anamwita kaka yake, nani hakusikia? Na hapo, kutoka upande wa duka, akatokea Kaka mwenyewe na tochi, mikono ya shati imeshushwa na kufungwa vifungo.

"Kuna nini?" akauliza. "Nyoka?"

Kisha sauti ya mwanamume, sikuijua ya nani, ikasema, "Nyoka, ndiyo."

Wakaleta fimbo. Wanaume wa ua ule, na baba yangu miongoni mwao, waliinama wakapiga chini, wakapiga mapengo ya ukuta, wakageuza mawe, na Kaka akiwamulikia kwa tochi yake. "Hapo, fundi. Angalia na hapo." Baba alipiga pale alipoonyeshwa. Hakuna aliyekitazama kidirisha. Kwa muda mrefu nilisimama nikisikiliza fimbo zikipiga udongo mtupu, na nilihofu kuliko nilivyopata kumhofu kuli na simba wake.

Kesho yake Kaka aliniita dukani. Alifungua friji akanipa soda. Vidole vyake viligusa vyangu, na nikaujua ule ubaridi.

"Kunywa, mtoto mzuri. Ulimwona nyoka?"

"Sikumwona."

"Basi alikimbia," akasema, akatabasamu, na akanipangusa vumbi begani.

Soda ile niliimwaga nyuma ya choo.

Dada hakushuka tena. Tuliambiwa amepagawa. Malimau na pilipili vilitundikwa mlangoni, akaletwa mtu wa kumsomea, chuo cha ualimu kikasahauliwa. Kila jioni, kupitia sakafu yao ya mbao, nilisikia hatua zake kutoka dirisha hadi ukuta, ukuta hadi dirisha. Ndugu yake alikaa barazani vilevile akipiga miluzi. Halafu wakaja wageni kutoka Kisumu, wakanywa chai, wakamtazama. Hata mwezi haukuisha akatolewa amevaa nyekundu, mikono ina hina hadi viwikoni, akaingizwa garini. Hakugeuka nyuma.

Siku chache baadaye Mama alikuwa uani anafua, mama yake Dada akashuka kuanika nguo. Mimi nilikuwa nachambua mchele. Mama hakuwa mtu wa maneno, lakini alisema bila kuinua kichwa, "Binti yako hakuwa na jini."

Yule mama aliendelea kubana nguo kambani. "Mimi najua, Mama Fundi."

"Unajua?"

"Nililetwa hapa bibi harusi, nina umri kama wake. Mkono ulikuwapo." Akatazama juu dirishani, kisha akashusha sauti. "Niliwaza, mpaka nizae, mpaka binti akue, utakuwa umezeeka."

Mama aliacha kufua. Povu lilimkauka mikononi. Mwishowe akasema, "Mchanga uko mtoni."

Mwanzo sikuelewa. Nilielewa kesho yake baada ya adhuhuri, mchana kweupe, duka likiwa limejaa wateja. Mama alikuja na karai la mchanga kichwani. Mwuza mahamri alileta tofali kwenye toroli ya jirani. Mama yake Dada alitokea na mfuko wa simenti alioutoa ghalani humohumo kwa mumewe, amejifunga sari kiunoni. Na nyuma yake akaja bibi mzaa baba wa Dada, yule kizee mjane wa sari nyeupe ambaye sikuwahi kumwona akishuka ngazi. Alikuwa mama mzazi wa Kaka. Aliweka tofali la kwanza yeye.

Walijenga vibaya, maana hakuna aliyekuwa mwashi, simenti ikawatiririka mpaka viwikoni. Wanaume barazani walisikia mwiko ukigonga. Cherehani ya baba ikanyamaza kidogo, kisha ikaendelea. Ndani ya ghala, nyuma ya mbao, kulikuwa na mtu amesimama. Niliona kivuli chake katika ufa mpaka tofali la mwisho lilipokiziba.

Hiyo ndiyo haki iliyopatikana. Kaka aliishi miaka mingi baadaye akiamkiwa na kila mtu. Alipofariki duka lilifungwa kwa heshima, na baba alishona bure nguo za wafiwa.

Siku hizi sipatambui pale. Familia ile ilihama, duka likabomolewa, uchochoro umekuwa sehemu ya kuegesha pikipiki. Bomba halipo, wala ngazi, wala harufu ya samli. Nyanya amekwenda, Mama amekwenda, na wale wanawake wengine waliojenga ukuta bila kufundishwa sijui hata mmoja wao aliko.

Dada nilikutana naye mara moja tu, miaka mingi imepita, katika chumba cha kungojea hospitali huko Kisumu. Mimi ndiye niliyemtambua. Tulishikana, tukakaa, akaniuliza habari za Mama, akalia kidogo niliposema amefariki. Watoto wake ni wakubwa. Binti yake mwalimu. Kisha akawa anasokota pindo la mtandio.

"Usiku ule," akasema. "Wote walidhani namwita ndugu yangu. Nimelala na jambo hilo miaka yote hii, kwamba nilimtaja, nikamtaja kwa sauti yote Mungu aliyonipa, na Kiswahili kikamficha. Wewe ulikuwa mtoto. Wewe ulielewa?"

"Nilielewa, Dada."

Alifumba macho. Uso wake ulilainika kama wa mtu aliyetuliwa mzigo, akanibana mkono. "Basi nje ya nyumba yetu alikuwapo mmoja," akasema. "Ahsante kwako. Yatosha mmoja."

Nesi akamwita, akainuka akaenda. Nami nilibaki kwenye benchi na neno nililokosa moyo wa kumwambia: kwamba watu wa ua ule walikuwa wameishi na familia yao tangu kabla hajazaliwa, wakiwasikia kila siku wakiitana ngazini, na hakuna hata mmoja ambaye hakujua kaka ni nani.