Kafi na Ngamia Waliokataa Kuitika

Mume wangu ni mwoga. Nalisema mapema kwa sababu watu wa Garissa walimpamba sana miaka ile, mara fundi, mara bingwa, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumwona amejikunyata nyuma ya pipa la maji kwa kuwa gari la polisi limepita. Mimi nimemwona. Na mimi mwenyewe, jamani, si shujaa. Nyumba yetu ya mtaa wa Iftin ilikuwa ya waoga wawili.

Alifika mwaka wa tisini na moja, akikimbia vita Kismayu, akapitia Liboi, na mkononi hakuwa na kitu ila kabani, ile ala ya nyuzi ambayo watu wa pwani huiita udi. Jina lake Abdikafi, tukalikata tukamwita Kafi. Alijua nyimbo za mapenzi za kwao, basi. Lakini njaa ni mwalimu. Karani mmoja wa Lamu alipomwoza binti yake alitaka taarab. Kafi alishinda siku nne sikio liko kwenye redio, siku ya tano akaipiga mpaka kina mama wakainuka kutunza. Kantini ya askari wakataka rumba, akaazima gitaa. Mwalimu mmoja wa bara, Mkristo, akamwomba wimbo wa kwaya wa mashindano ya shule. Akautunga kwa sauti nne, huku akitetemeka masheikh wasije wakasikia. Kwenye arusi za mtaa wa Galbet alikaa nyuma ya pazia akiwapangia wanawake mapigo ya ngoma. Nilimwuliza, "Wewe hasa ni mpigaji wa nini?" Akasema, "Wa kilichopo." Nikacheka, nikaolewa.

Sasa nifike kwenye kosa, na kosa ni langu mimi Lul, si lake. Kabla baba hajatuhamishia mjini nilikulia visimani. Kwetu ngamia huitwa waje kwenye maji kwa wimbo. Kila ukoo una wake, na ngamia wanaujua: wakiusikia wanajua hori limejaa, wanakuja kwa zamu bila kusukumana. Na mwiko ni mmoja tu, wimbo huo hauimbwi pasipo maji. Mkono mtupu haulambwi. Mwiko huo niliujua tangu nina meno ya utoto.

Siku moja, mwaka wa tisini na sita, Kafi alikuwa anarekodi kanda nyumbani. Ametundika blanketi mlangoni kuzuia kelele za mbuzi, na amekwama, wimbo wa mwisho haumjii. Mdomo ukaniwasha. Nikamwimbia ule wa kwetu.

"Umeutoa wapi huo?" Macho yamemtoka.

"Wa kwetu. Wa ngamia."

Hakuuliza zaidi, na mimi sikumtajia mwiko. Nilitaka anisifu, basi. Akaupangia gitaa la rumba chini, kabani juu, na wanawake wakiitikia mwishoni kama kwaya. Loo, kanda ile ilishika mji! Dukani ni hiyo, hotelini ni hiyo, kwenye malori ya Liboi ni hiyo hiyo.

Mwaka ule ukame ulikuwa mkali. Lori la sukari likapata pancha upande wa Liboi, na dereva, Mungu amsamehe, akafungulia kanda sauti yote huku anabadilisha gurudumu. Karibu hapo palikuwa na ngamia wa adeer Kerrow, mdogo wa baba yangu, wenye kiu ya siku nane. Wakausikia wimbo wao. Wakaja mbio, wakalizunguka lori, na maji hakuna. Lori likaondoka bado linaimba, wakalifuata. Walipopatikana siku ya tatu, wanne walikuwa wamekufa, na waliobaki hawakuitika tena. Wachungaji wanaimba, ngamia wanawatazama tu. Ikabidi waswagwe kwa fimbo, wanakanyagana horini, ndama wanavunjika miguu.

Walitujia baada ya swala ya alasiri. Alikuwa adeer Kerrow mwenyewe, pamoja na Mustafe, kijana wa ukoo wetu mwenye bunduki ya ulinzi wa kijiji; wawili kati ya wale ngamia wanne waliokufa walikuwa wake. Niliwapa chai, hawakuigusa. Mtu wa kwetu akiiacha chai yako ipoe, jua una msiba.

"Nani aliyekupa wimbo wetu?" adeer akamwuliza Kafi.

Nilijua jibu ni mimi, na bunduki ya Mustafe imeegemezwa kwenye mlango wangu mwenyewe. Ndipo yule mwoga wangu akasema, "Niliusikia, nikauiba. Ni mimi peke yangu."

"Wewe si mtungaji?"

"Ndiyo, adeer."

"Basi utatunga. Huu ngamia wameshaujua kuwa ni uongo. Utatutungia mwingine, uwaite nao. Wakija, tumemalizana."

"Na wasipokuja?" nikauliza.

Adeer alimtazama Mustafe. Mustafe akachukua bunduki yake, akaifuta vumbi kwa ncha ya shuka. Wakaondoka na mume wangu.

Siku nne sikula. Kila lori likipiga honi nilidhani wanamleta ndani ya sanda. Hofu ya bunduki ilikuwa kubwa, lakini ya kuitwa mjane aliyemuua mumewe kwa kunyamaza ikaishinda. Siku ya tano nikamwachia jirani yangu Saynab mtoto wetu Roda, nikapanda lori.

Nilimkuta kisimani anavuta kamba ya ndoo, vidole amevifunga vitambaa, damu imepenya.

"Umetunga?"

"Niwaimbie nini, Lul? Taarab wametega masikio, wakaendelea kutafuna. Rumba walinikimbia." Nilitaka kucheka, nikajikuta nalia. "Wanakunywa kila baada ya siku sita," akasema. "Nimepewa zamu nne, moja imekwisha. Ya nne ndiyo ya kuwaita. Mustafe ameapa kwa Mungu, wasipokuja atajilipa mwenyewe."

Nilikwenda mpaka mbele ya adeer. "Wimbo nilimpa mimi," nikasema. "Yeye hakujua lolote."

Mustafe akasimama. Mimi nikafumba macho, nikaanza shahada.

"Mwiko uliujua?" adeer akauliza.

"Niliujua."

Akasema, "Basi shika kamba." Hakumwondolea mume wangu deni lake, alituunganisha tu.

Tukavuta wote wawili. Ni katika kuvuta huko Kafi alipogundua. "Hawa wamedanganywa," alisema. "Hawawezi kuamini wimbo kwanza. Tuanze na maji." Zamu ya pili tulijaza mahori kimya kimya. Midomo ya ngamia ilipokwisha kuzama, ndipo akaanza kuvumisha kitu chini chini, kama mtu anayembembeleza mtoto mgonjwa. Hakikuwa taarab, hakikuwa rumba. Kilikuwa sauti mbili tu nzito, na katikati yake anaacha nafasi, ndoo igonge maji. Zamu ya tatu akapandisha kidogo. Kila alipoinua sauti, ngamia mmoja akiinua kichwa, sote wawili tulikoma kupumua.

Zamu ya nne ikafika. Mahori yamejaa. Ngamia wamezuiwa mbali, penye miiba. Mustafe akaketi, bunduki juu ya mapaja. Kafi akafungua mdomo, sauti ikatoka imepasuka, haifai. Ngamia wakatutazama. Akaimba mara ya pili. Hakuna aliyesogea hata unyayo. Nasema kweli bila haya, nilisikia mkojo ukinitoka. Nikajitupa kwenye kamba, nikaishusha ndoo ikagonga maji, nikaivuta, nikaigongesha tena, na Kafi akaingiza sauti yake katikati ya mapigo ya ndoo.

Ngamia jike mmoja, mzee, akaacha kutafuna. Akapiga hatua. Akasimama tena, yule mwana wa balaa! Kisha akaja. Nyuma yake mwingine, na mwingine, kwa zamu, hawasukumani. Kafi hakuthubutu kunyamaza. Aliimba mpaka wa mwisho akanywa, machozi yanamtiririka, na sauti ilipomwisha alikuwa anachezesha midomo tu. Mustafe aliiweka bunduki chini, akaja kunipokea kamba.

Mkono wa kushoto, vidole viwili havikupona. Kabani hapigi tena. Anatunga kwa mdomo na wengine wanapiga. Mwaka wa tisini na tisa alikuja mtu wa redio kutoka Nairobi na mashine yake ya kurekodi. Alikuwa amesikia habari zetu, akamwomba ule wimbo wa visimani, japo ubeti mmoja, nchi nzima isikie.

Nilimtazama Kafi usoni. Alitamani, wallahi. Ndiyo kazi bora aliyowahi kuifanya, na hakuna aliyeisikia ila ngamia na watu wachache wa kwetu. Nikajiandaa kumziba mdomo kwa kiganja.

"Wewe una kiu?" akamwuliza yule mgeni.

"Hapana, asante, nimekunywa chai."

"Basi," akasema Kafi, "siwezi kukuimbia."